Tupeane uzoefu: umewahi kuzuiwa mlangoni pa choo?

Mwanzisha mada: Nipo Uingereza, kazi yangu usafi wa maofisi. Tangu Mahakama ya Juu iamue Aprili 2025 kwamba "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya 2010 ni wa kuzaliwa, jengo letu limebandika tangazo jipya. Kuna dada ghorofa ya nne, amebadili jinsia, miaka yote alitumia choo cha kina dada na sikusikia aliyelalamika. Sasa anashuka hadi chini kwenye cha walemavu, ambamo ndimo ninamoweka ndoo na madeki. Anabisha hodi, nahamisha vitu vyangu, kila mtu anaangalia sakafu. Nyie huko hali ikoje?

Mzee wa Teksi: Nilikuwa Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani, 2016 ilipopita ile sheria ya jimbo, HB2. Shuleni na kwenye majengo ya serikali, choo ni kwa cheti cha kuzaliwa. Changu kiko Tanga kwenye sanduku la marehemu mama! NBA, ligi ya kikapu, wakaihamishia New Orleans mechi ya nyota wao ya 2017, sisi madereva tukakosa wikiendi ya hela. Nikawalaani waliobadili jinsia, wakati waliopitisha sheria ni wengine kabisa. Machi 2017 kipengele cha vyoo kikafutwa.

Shangazi Minnesota: Mie nimezaliwa mwanamke, nimezaa watatu, ila ni mrefu, nimenyoa, na sauti ndo hii. Mama mmoja dukani akanizuia: "Bwana, cha wanaume kule." Kumjibu ndo nikaharibu zaidi. Nikaubana mpaka nyumbani.

Mama Binti: Mimi bado nasema vyoo vitengwe, vya kike na vya kiume. Mwanangu ana miaka 13, na haya zake si chuki. Ila shuleni kwake kila choo ni chumba kamili, mlango mpaka sakafuni, sinki humo humo. Hapo sina neno.

Msomaji Kimya: Huwa nasoma tu, leo niandike. Mimi ndiye mnayemjadili, niko Nairobi. Choo cha stendi unalipa kwanza, na anayepokea pesa anakuangalia usoni, kisha kifuani, kisha anauliza foleni nzima isikie: "Wewe ni wa upande gani?" Nikisafiri kwenda Mombasa sigusi maji tangu usiku. UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, nimetibiwa mara mbili mwaka huu.

Shangazi Minnesota: Pole mwanangu. Na basi likisimama Mtito Andei?

Msomaji Kimya: Najifanya nimelala.