Harry Mallin si "yule aliyeng'atwa" tu, acheni kutuandikia nusu habari

Wakuu, imetosha. Kila ukifunguliwa mjadala wa ngumi za ridhaa za zamani, Harry Mallin anatupiwa mstari mmoja: Mwingereza aliyeng'atwa Paris akapewa ushindi wa mezani. Wengine wanaongeza kwamba alibebwa. Alibebwa na nani, wakati ulingoni alinyimwa?

Ni robo fainali ya Olimpiki 1924, uzito wa kati, dhidi ya Roger Brousse, Mfaransa aliyekuwa nyumbani kwao. Pambano lilipoisha, Mallin alitaka kumwonyesha refa alama za meno kifuani, hakusikilizwa. Ushindi akapewa Brousse, kura mbili kwa moja. Mallin akashuka bila fujo. Rufaa ikakatwa na ofisa wa Sweden, si Waingereza! Alama zikakaguliwa, na ikajulikana kwamba Manuel Gallardo wa Argentina, aliyepigana na Brousse kabla, naye alilalamika kung'atwa. Jopo lilikubali kwamba Brousse hakukusudia, kwamba ana mazoea ya kufunga taya anaporusha ngumi, na bado likamwondoa. Yaani nia alisamehewa, kitendo hakikusamehewa. Mashabiki wakachafukwa, wakambeba Brousse mabegani, ikabidi polisi waingilie.

Hapo ndipo wengi wenu mnapoishia, na ndicho kinachoniudhi. Mallin aliendelea hadi fainali akamshinda Mwingereza mwenzake, John Elliott, kwa pointi. Dhahabu ya Olimpiki ya Antwerp 1920 alikuwa nayo tayari, alipomshinda Mkanada Georges Prud'homme. Kabla yake hakuna bondia aliyewahi kutetea ubingwa wa Olimpiki. Aliyefuata kutwaa dhahabu mbili mfululizo ni Mhungari László Papp mwaka 1952, naye alikuwa amebadili uzito. Kwa hiyo mnaoandika kwamba bondia wa Cuba Teófilo Stevenson ndiye wa kwanza kutetea ubingwa huo, futeni.

Na huyu alikuwa askari polisi wa London, hakwenda ngumi za kulipwa hata siku moja. Taji la ABA (chama cha ngumi za ridhaa cha Uingereza) la uzito wa kati alilichukua miaka mitano mfululizo, 1919 hadi 1923, kisha mdogo wake Fred akalishika 1924 hadi 1928. Miaka kumi taji liko nyumba moja! Mapambano zaidi ya 300 ya ridhaa, hakupoteza hata moja. Mwaka 1937 akatangaza ngumi kwenye televisheni ya BBC.

Mods, rekebisheni ule uzi unaomwandikia kipigo kimoja. Matokeo yaliyobatilishwa na jopo la rufaa hayaingii kwenye rekodi ya bondia.