Familia ya Mwanga, Kigoma: Jumamosi Jioni

Mama Zawadi: Asalaam aleikum. Wifi Rehema upo hewani? Mwanao kanuna na daftari la kemia tangu adhuhuri. Milinganyo ya ayoni, zile chembe zenye chaji.

Shangazi Rehema (Tabora): Waaleikum salaam wifi. Nipo, mpe simu mwenyewe.

Mama Zawadi: Shikamoo shangazi, ni Zawadi. Nina huu wa nitrati ya fedha na chumvi: AgNO₃ + NaCl → AgCl + NaNO₃. Umeshasawazika. Sasa nipasue nini kuwa ayoni?

Shangazi Rehema: Marahaba mama. Kwanza weka hali: (aq) kwa iliyoyeyuka majini, (s) kwa yabisi. Halafu pasua zenye (aq) tu.
Ag⁺ + NO₃⁻ + Na⁺ + Cl⁻ → AgCl(s) + Na⁺ + NO₃⁻
Nani hajabadilika?

Mama Zawadi: Na⁺ na NO₃⁻

Baba Mdogo Juma: Hao wasindikizaji wa bandarini. Meli ikiondoka wanarudi zao Mwanga vilevile walivyokwenda 😂

Shangazi Rehema: Leo Juma kasema la maana. Wafute.
Ag⁺(aq) + Cl⁻(aq) → AgCl(s)
Ndiyo ule unga mweupe unaotuama chini. Tia chumvi ya Uvinza, tia kloridi ya potasiamu, mlinganyo ni huohuo.

Bibi: 🎤 0:09
*"Chumvi ya Uvinza mnaimwagia fedha, na dagaa wangu huku jikoni hawana hata punje!"*

Baba Mdogo Juma: Naleta mama 🙏🏾

Mama Zawadi: Shangazi, na jiwe la chokaa kwa asidi? CaCO₃ nimeipasua, Ca²⁺ na CO₃²⁻.

Shangazi Rehema: Inayeyuka majini hiyo?

Mama Zawadi: Haiyeyuki… basi naiacha nzima.
CaCO₃(s) + 2H⁺(aq) → Ca²⁺(aq) + CO₂(g) + H₂O(l)

Shangazi Rehema: Safi. Gesi na maji nayo hayaguswi. Ila kwenye siki shika hili, maana watahini wanalipenda: asidi yake ni dhaifu. Hata ikiwa (aq) unaiandika nzima, CH₃COOH, kwa kuwa molekuli zilizoachia H⁺ ni chache mno.

Mama Zawadi: La mwisho. Al + Cu²⁺ → Al³⁺ + Cu. Atomu zimelingana lakini mwalimu kaweka mkasi ❌

Shangazi Rehema: Jumlisha chaji.

Mama Zawadi: Kushoto +2, kulia +3. Aaa!
2Al + 3Cu²⁺ → 2Al³⁺ + 3Cu
+6 huku, +6 huku.

Shangazi Rehema: Weka na hali zake, kisha mrudishie mama simu.