Naomba ushauri: nikae wapi Philharmonie ya Berlin?

Habarini wadau, na shikamooni wakubwa. Naishi Berlin na msimu huu nataka kuwasikiliza okestra ya Berliner Philharmoniker kwa mpangilio, si kwa kubahatisha. Ukumbi wao, Philharmonie, uliofunguliwa 1963, una viti kuzunguka jukwaa pande zote, na hapo ndipo nilipokwama.

Mara ya kwanza nilikaa juu kabisa, upande wa mbele. Sauti safi, ila wapigaji niliwaona kama sisimizi. Mara ya pili nikakata tiketi ya bei nafuu nyuma ya jukwaa. Uso wa kondakta (si wa daladala, ni yule anayeongoza okestra!) niliuona hadi nyusi zinavyopanda, lakini ngoma zilikuwa karibu mno, zikameza fidla. Isitoshe, nilipiga makofi peke yangu sehemu ya kwanza ya muziki ilipoisha, kumbe wenzangu wanasubiri hadi mwisho. Aibu niliyoipata!

Sasa kuna onyesho lenye mwimbaji wa kike. Je, nikikaa nyuma ya jukwaa nitamsikia vizuri, au bora viti vya ubavuni? Na kwa mtu wa shifti za usiku kama mimi, tiketi za msimu zinalipa, au ninunue mojamoja?