Naombeni ushauri, vyungu vinanipasukia motoni

Wadau habari za mchana, mi ni Mkisi wa Ikombe kule ziwa Nyasa, kwetu kufinyanga ni kazi ya wanawake, nimerithi kwa bibi na mama, vyungu tunavipaka udongo mwekundu na mweupe tunavipeleka kwa mtumbwi soko la Lyulilo jumamosi. Sasa nimeolewa huku Dar nikasema nianze kamradi, udongo nimechimba bondeni, naanika siku nne kivulini ila nikichoma tu paa! juzi kati ya vyungu kumi vimepona viwili na vyenyewe vina ufa kitakoni. Mama kwenye simu anasema eti udongo wa huko una chumvi, sijui ananitania. Nichanganye mchanga au vigae vya kusaga, na kiasi gani? Msaada jamani, kuni zenyewe bei.