Damu ya dharura Ukerewe: droni, au gari na pantoni?

Jirani_wa_Nansio: Wakuu, shikamooni wakubwa. Nafanya kazi kituo cha afya huku visiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Juzi usiku mama kajifungua, damu haikati, na kwenye friji tuna chupa moja tu ya kundi lake. Pantoni imeshalala. Ikabidi mdogo wake apimwe, atoe yeye. Mama kapona, ila jasho lilitutoka.

Nikakumbuka 2018, DHL, shirika la Kijerumani la GIZ na watengeneza droni Wingcopter walirusha droni za dawa kutoka Mwanza hadi huku: kilomita 60 kwa dakika 40 hivi. Kwa barabara ni kama 240, masaa sita. Yalikuwa majaribio, yakaisha. Sasa tudai zirudi, au pesa iwekwe kwenye gari na boti?

Suka_Kisorya: Mkuu, mimi ndiye naleta hizo dawa zenu. Droni ile mwisho wake kilo nne. Katoni moja ya dripu inaizidi! Mimi navuka nazo arobaini safari moja, chai nakunywa Rugezi. Tena Ziwa likichafuka, hicho kidude kitaruka?

Mbongo_Huye: Suka una hoja kwenye dripu, kwenye damu huna. Niko Rwanda, huku kampuni ya droni ya Zipline wapo tangu 2016, walianzia Muhanga. Nesi anaagiza kwa simu. Ndege inafyatuliwa kwa manati, ikifika haitui. Inashuka kidogo, inaachia boksi jekundu lenye parachuti ya karatasi, linaangukia kwenye majani. Watoto wameshazoea, hawainui hata macho. Mzigo haufiki kilo mbili, yaani chupa mbili tatu za damu. Mama wa juzi alihitaji ngapi?

Tena kuna jambo watu hawalisemi. Zamani kila hospitali ilijaza friji kwa hofu, damu inaoza humo. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, zenyewe zinakaa siku tano tu! Sasa akiba kubwa inakaa kwenye vituo vya Zipline. Utafiti wa 2022 ulionyesha damu iliyopitwa na muda ilipungua kwa asilimia 67.

Bibi_Mashaka: Na ikimwangukia mtu kichwani?

Mbongo_Huye: Bibi, ikipata hitilafu angani inafungua parachuti yake yenyewe. Haimaanishi hakuna hatari. Ila bodaboda aliyebeba boksi la damu usiku, mvua, mteremko wa tope, mbona huyo hatumuulizii?

Suka_Kisorya: Hapo umenishika. Nimeshaokota wawili mtaroni mwaka huu.

Jirani_wa_Nansio: Basi dripu aendelee kuleta Suka, damu na sumu ya nyoka zipite juu. Kinachonikwaza ni gharama: kituo cha kurushia, mafundi, vibali vya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, vyote vinalipiwa hata wiki ambayo hakuna anayevuja damu.

Suka_Kisorya: Na dawa ya kuzuia sumu, siyo sumu 😂

Jirani_wa_Nansio: Usingizi huo, zamu ya usiku. Halafu Suka, kesho ukivuka niletee vipakiti vya barafu, vyetu vimepasuka.