Bilioni moja imekatika kwenye karatasi: fonti na mpangilio gani kwa ripoti za makabrasha?

Mhasibu_wa_Ushirika

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhasibu wa SACCOS ya watumishi, tuko wanachama 340. Kila mwaka kabla ya Mkutano Mkuu naandaa makabrasha: mizania, mapato na matumizi, na ile orodha ndefu ya kila mwanachama na hisa, akiba, mkopo, marejesho, riba na salio lake. Programu yetu ina sehemu ya kutengenezea ripoti. Unachora visanduku mwenyewe, unachagua fonti, unapanga.

Mwaka huu niliikalia wiki mbili. Kwenye laptop yangu ilikuwa imetulia kabisa. Siku ya mkutano, tumefika ukurasa wa mwisho wa orodha, mwalimu mmoja mstaafu akasimama nyuma ya ukumbi, kikokotoo mkononi. Akasema kwenye jumla ya mikopo anaona milioni 284 na laki sita na nusu, lakini yeye amejumlisha kurasa zote na anapata zaidi ya bilioni. Akauliza, "Hiyo bilioni iko wapi?"

Mnaujua ukumbi wa wanachama ukichafuka. Tulisimama karibu saa nzima mpaka nikamwonyesha mwenyekiti kwenye skrini kwamba jumla ni 1,284,650,000.00. Kwenye karatasi ilitoka hivi: ,284,650,000.00. Nakala zote 340. Haijapotea hata senti, lakini wapo ambao mpaka leo wakinisalimia wananitazama mara mbili, na hilo linaniuma.

Sasa nauliza: nitumie fonti gani, saizi gani, na ukurasa niupangeje? Mmoja ananiambia Times New Roman, mwingine Arial, bosi anataka Georgia kwa kuwa ina heshima. Bajeti ya tona ni ndogo. Nisaidieni.

Kijana_wa_Steshenari

Pole mkuu. Punguza saizi iwe 7, kila kitu kitaingia. Hapa dukani wateja wengi tunawafanyia hivyo.

Mama_Pruufu

Pole mwanangu. Nimesoma pruufu kwenye kiwanda cha chapa tangu 1988, na sasa naandaa ripoti za vyama vya ushirika, kwa hiyo jambo lako nalijua kwa undani. Kijana wa steshenari, samahani, saizi 7 usimpe mtu. Mwalimu mstaafu aliyejumlisha kurasa zote kwa kikokotoo ndiye msomaji bora mliye naye, usimwadhibu kwa herufi za mchanga.

Kilichonisimamisha ni hiyo koma iliyobaki mbele ya 284, haina kitu mbele yake. Namba ingekuwa imeingizwa vibaya, koma isingekuwepo. Koma kuwepo maana yake namba ilikuwa nzima na kisanduku ndicho kilichoikata. Namba za fedha zinashikana upande wa kulia, kwa hiyo kisanduku kikizidiwa kinakata kushoto, na kushoto ndiko waliko mabilioni. Jina la mtu likikatwa unaona, kwa sababu linakatika mwishoni. Namba ikikatwa mbele inabaki namba, na mtu anaiamini.

Swali langu kwako: uliprintia kompyuta gani? Na ripoti umeipanga kwa fonti gani? Nahisi ni Calibri. Office ilikuja nayo tangu 2007 mpaka 2023 walipoweka Aptos, ndiyo maana ripoti nyingi zimevaa Calibri bila mtu yeyote kuichagua.

Sasa fonti. Watu huchagua kwa kutazama jina la chama lililokolezwa juu. Ripoti yako ni tarakimu tupu, chagua kwa kutazama tarakimu. Kwa hiyo mwambie bosi kwa adabu kwamba Georgia ni nzuri kwa barua, si kwa kolamu. Chukua karatasi, andika 1,284,650,000 kwa Georgia uone: 0, 1 na 2 ni fupi kama herufi ndogo, 6 na 8 zimepanda juu, na 3, 4, 5, 7 na 9 zimeshuka chini ya mstari. Ndani ya sentensi zinapendeza. Zipange mistari arobaini kwenda chini, jicho linapanda na kushuka kama kwenye barabara ya makorongo, na zile sifuri tatu za mwisho zinafanana na herufi o. Candara, Constantia na Corbel nazo zina tabia hiyo hiyo.

Times New Roman ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia 1932. Gazeti lina kolamu nyembamba, kwa hiyo fonti hii inabana nafasi vizuri. Shida yake kwenu ni mistari yake myembamba. Nakala ya kwanza inatoka safi, lakini ukitoa fotokopi ya fotokopi kwa tona iliyochoka, vile vinyuzi vinafutika. Kwa makabrasha yanayopita kwenye mashine ya fotokopi ningekwenda na Arial au Liberation Sans, fonti ya bure yenye upana ule ule wa Arial. Century Gothic inasifiwa kwa kuokoa wino, ni kweli mistari yake ni myembamba, lakini ni pana mno. Unachookoa kwenye tona unakilipa kwenye karatasi.

Ukishachagua, chukua rula. Usipime kolamu kwa mstari wa mwanachama, pima kwa mstari wa JUMLA. Hapo ndipo wengi tunakosea: tunapanga kwa kumtazama mwanachama mwenye mkopo wa 3,500,000, kolamu inaonekana ina nafasi tele, tunasahau kwamba chini kabisa anakuja mkubwa wao. Kwa Arial kila tarakimu ina upana wa 0.556 ya saizi ya fonti, na koma au nukta ni nusu ya hapo. Jumla yako ina tarakimu 12 na alama 4. Kwa saizi 9 inakuwa pointi 70, na pointi 72 ni inchi moja, kwa hiyo ni karibu milimita 25. Ukiweka mabano kwa namba hasi ongeza 2. Basi kolamu ni milimita 27, ongeza moja ya kupumulia.

Kolamu sita za fedha mara 28 ni 168. A4 iliyosimama ina upana wa 210. Toa 25 kushoto za kutoboa tundu la faili na 15 kulia, unabaki na 170. Jina la mwanachama utaliweka wapi, kwenye milimita mbili? Ndiyo maana ulilazimika kubana. Ilaze karatasi: 297 toa 40 ni 257, toa 168 unabaki na 89 za namba ya mwanachama na majina yake matatu. Pale pale umemaliza ugomvi, na hujagusa saizi ya herufi.

Mhasibu_wa_Ushirika

Shikamoo Mama. Nimesoma mara tatu. Ni Calibri kweli, saizi 9. Nimefungua ripoti, kolamu ya mikopo ina milimita 23. Kwenye laptop yangu jumla imeingia pembamba kabisa.

Na kompyuta: printa kubwa imeunganishwa na kompyuta ya katibu muhtasi, inayotumia Linux badala ya Windows. Nilifungulia ripoti kule, nikatazama ukurasa wa kwanza tu, nikabonyeza kuprinti kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Sikufika ukurasa wa mwisho.

Mama_Pruufu

Marahaba mwanangu. Basi tumempata. Tarakimu ya Calibri ni 0.507 ya saizi. Jumla yako kwa Calibri 9 ni kama milimita 22 na nusu, ikaingia kwenye 23 bila pumzi. Kompyuta ya katibu haina Calibri, ikaweka fonti yenye upana wa Arial: milimita 24.7. Imezidi 1.7, na tarakimu moja ya Arial 9 ni karibu 1.8. Imekatika tarakimu moja kamili, ile 1 ya mbele, na koma ikasalimika. Hukuiba na hukukosea hesabu. Ichapishe hiyo hesabu ya rula, uwapelekee bodi.

Msimbo_Safi

Mama amemaliza, mimi naongezea upande wa programu. Mhasibu, usiprinti moja kwa moja kutoka kompyuta usiyoipangia ripoti. Toa PDF kwenye laptop yako, ukihakikisha fonti zimebebwa ndani ya faili, ndipo uipeleke kwa printa. Fungua PDF, nenda kwenye sifa za faili, sehemu ya fonti, utaona kila fonti na kama imebebwa. Ikiwa haijabebwa, kompyuta inayoprinti itatafuta mbadala, na hapo yatarudi yale yale.

Kama lazima uprintie Linux, sakinisha fonti iitwayo Carlito. Ilitengenezwa iwe na upana ule ule wa Calibri, herufi kwa herufi. Liberation Sans nayo ina upana wa Arial, Liberation Serif ina wa Times New Roman. Mpangilio hausogei.

Jambo la pili, angalia ukubwa wa karatasi ndani ya ripoti. Programu nyingi zikitoka Marekani zimewekwa Letter, ambayo ni milimita 215.9 kwa 279.4. Sisi tunatumia A4. Ripoti iliyosimama iliyopangwa kwa Letter ni pana kuliko karatasi yetu kwa karibu milimita 6, kwa hiyo printa ama inakata pembeni ama inaipunguza yote, na zile pambizo ulizopima kwa rula haziwi tena zile.

Na majina yenye ng', jamani. Mtu akinakili jina kutoka kwenye Word, ile alama inageuka kuwa ya kupinda, na fonti au printa isiyoifahamu inatoa kiboksi au takataka tatu. Mwanachama anayeitwa kwa jina lenye ng' anaona kiboksi katikati ya jina la babu yake. Tafuta orodha nzima, rudisha ile alama iliyonyooka.

Karani_wa_Ghala

Habari za Tanzania. Mimi niko Kitale, ghala la mahindi. Si kila mtu ana printa ya leza. Sisi stakabadhi za mkulima tunazitoa kwa printa ya pini, ile inayogonga utepe wa wino, kwenye karatasi ya nakala tatu, kwa sababu leza haiwezi kugonga ikafika nakala ya chini. Kwa printa hiyo nawasihi msitumie Arial wala Calibri. Kompyuta inaichora kama picha, kichwa kinapita pole pole, na nakala ya tatu haisomeki. Tumia herufi za printa yenyewe: kumi kwa inchi, herufi 80 kwa mstari wa inchi 8. Ukihitaji kolamu zaidi kuna herufi za kubana, kama 17 kwa inchi, unapata 137 kwa mstari. Kila herufi ina upana mmoja, kwa hiyo hamna haja ya rula: unahesabu nafasi tu. Jumla yenu ina herufi 16, mpe 18.

Mhasibu_wa_Ushirika

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimebadilisha: A4 imelazwa, Arial 9, kolamu za fedha milimita 28, PDF yenye fonti ndani. Nimeingiza jumla ya uongo ya 9,999,999,999.00 kuijaribu. Hiyo ina tarakimu 12 pia, imeingia na nafasi imebaki.

Yamebaki matatu. Vichwa vya Kiswahili ni virefu: "Marejesho ya Mkopo" haikai kwenye 28. Pili, niliweka kivuli cha kijivu mstari mmoja baada ya mwingine ili jicho lisipotee, lakini fotokopi inatoa madoa. Tatu, mstari wa jumla umeangukia peke yake kwenye ukurasa wa 14.

Mama_Pruufu

Kichwa kigawe mistari miwili, "Marejesho" juu na "ya Mkopo" chini, nacho kishikane kulia juu ya namba zake. Usikifupishe kuwa "Mrj.", mwanachama hajui Mrj. ni nini. Na kirudie kila ukurasa, pamoja na "Ukurasa 3 kati ya 14", maana makabrasha yakianguka ukumbini yanachanganyika.

Kivuli kitoe. Leza inatengeneza kijivu kwa vidoti, na fotokopi inavigeuza uchafu. Weka mstari mwembamba wa nusu pointi kila baada ya wanachama watano. Usiende chini ya hapo, robo pointi inapotea kwenye nakala. Utaokoa na tona.

Jumla isilale peke yake. Kwenye ile sehemu ya kutengenezea ripoti, kwenye mpangilio wa kundi (mistari inayojumlishwa pamoja), kuna mahali pa kuamuru mistari ikae pamoja, funga wanachama watatu wa mwisho na jumla yao wahame wote. Na kila mwisho wa ukurasa weka jumla ya ukurasa huo, yule mwalimu aweze kuhakiki ukurasa kwa ukurasa badala ya kusubiri mwisho.

Ukurasa mmoja wa muhtasari ufanye saizi 12, huo ndio wengi watausoma wakiwa wamekaa. Orodha ibaki 9.

Sasa printi nakala moja tu, kwenye ile ile kompyuta ya katibu, na uanze kuisoma kutoka ukurasa wa mwisho. Nitumie na kipimo cha kolamu ya riba kabla hujatoa hizo 340.