Tupeane uzoefu: kumpiga mswaki mtoto mwenye ulemavu wa akili, nyie mnawezaje?

mama_wa_katikati
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu ana sindromu ya Down, mengine yote tunaenda nayo vizuri tu, anakula, anavaa mwenyewe, ila mswaki jamani. Akiuona anafunga mdomo, anarusha kichwa, na hapo gari la shule linapiga honi nje na wadogo zake hata chai hawajanywa. Kuna siku namaliza najifungia chumbani nalia. Na kuacha siwezi, daktari kaniambia watoto wenye hali hii fizi zao zinaugua mapema kuliko za wenzao. Wenye watoto wa namna hii, wenye usonji, wenye mtindio wa ubongo, semeni mnafanyaje, na moyoni mnajisikiaje pia semeni.

kumi_tu
Pole sana dada. Wangu ana usonji, haongei. Kwake tatizo lilikuwa ile minti inamchoma na povu likijaa mdomoni anapaniki, nikatafuta dawa ya meno ya watoto isiyo kali, mswaki wa kichwa kidogo wenye nyuzi laini, dawa naweka kama punje ya njegere (aliye chini ya miaka 3 ni punje ya mchele). Tulianzia mbali mno, namgusa shavu tu, akizoea midomo, akizoea anashika mswaki mkavu anautafuna atakavyo, meno ya mbele yakaja baadaye kabisa. Sasa nahesabu kwa sauti mpaka kumi halafu natoa, natoa KWELI hata kama hatujamaliza, kwa sababu ukimwambia kumi ukaenda ishirini kesho hakuamini tena. Na tulihama bafuni, tunapigia sebuleni jioni akiwa katulia. Ukilazimika kuchagua chagua usiku, mtu akilala mate yanapungua na meno yanabaki bila ulinzi. Asubuhi ikishindikana usijitese.

baba_mtu
Wangu ana mtindio wa ubongo na kifafa, alikuwa kwenye fenitoini, dawa ya kifafa. Fizi zikaanza kuvimba zinapanda juu ya meno, ndugu wakaanza maneno kwamba mama yake hamsafishi, mke wangu alikonda kwa ajili ya hayo maneno. Kumbe dawa yenyewe inaweza kufanya hivyo, uchafu ukibaki ndio inazidi. Tafadhali msiikatishe wenyewe, degedege likirudi ni hatari, rudini kwa aliyeiandika mzungumze. Siropu nazo nyingi zina sukari, akishakunywa mpe maji. Kumlaza chali usimlaze, atapaliwa, mimi nakaa nyuma yake kichwa chake kinaegemea kifua changu, na kwa kuwa hajui kutema napaka dawa ya meno kidogo mno halafu nafuta na kitambaa safi. Wababa wenzangu, chukueni zamu ya usiku. Nyumbani kwangu ni yangu, na mke wangu ameanza kulala.

bi_arusha
Hayo maneno ya watu nayajua baba. Sisi huku Arusha maji mengi yana madini ya floraidi kupita kiasi, meno ya watoto yanatoka na madoa ya kahawia, hayo hayatoki kwa mswaki. Lakini mtoto mwenye ulemavu akiwa nayo wanasema ameachwa tu. Mwalimu alinisema mbele ya wazazi wengine, iliniuma. Usimsugue kwa nguvu ili kuwaridhisha watu, utamuumiza fizi na mswaki atauchukia.

shangazi_mlezi
Nalea mtoto wa marehemu dada yangu, hawezi kusema anaumwa wapi. Akaanza kujipiga shavu, hataki kula, hasikii la mtu, mtaani wakasema apelekwe kuombewa. Lilikuwa jego limeoza. Kliniki moja walitukataa mlangoni eti anasumbua, tukaenda nyingine wakamng'oa kwa nusu kaputi, alivyoamka siku ya pili akala ugali wote nikakaa namwangalia tu. Mtoto asiyeongea akibadilika ghafla mfungue mdomo kwanza. Na wewe mama_wa_katikati, hao wenye sindromu ya Down wengi huzaliwa na shida ya moyo, kama wako anayo mwambie daktari wa meno kabla hajagusa kitu.

mama_wa_katikati
Shangazi asante, moyo alipimwa akiwa mchanga, nitaenda na faili lake. Hiyo ya kuhesabu naanza leo usiku, na baba yake nimempa simu asome. Hiyo kliniki iliyowapokea ni mkoa gani? Mimi niko Morogoro, kwa Dar naweza kupanda basi asubuhi.